Moli: kuhesabu kwa mizani

Msimu wa korosho ukifika Masasi na Newala, hakuna anayekaa kuhesabu korosho moja moja. Gunia linapelekwa AMCOS, linapandishwa kwenye mizani, unaandikiwa kilo zako. Sasa tuseme korosho ghafi moja ina gramu 5. Ukiambiwa hapa kuna kilo moja, unajua papo hapo ni korosho 200. Umehesabu bila kugusa hata moja. Moli inafanya kazi hiyo hiyo.

Jaribu na mahindi. Tuseme punje moja ina gramu 0.3. Punje 200 ni gramu 60 tu. Idadi ni ile ile, lakini uzito umeshuka kutoka kilo nzima. Wanafunzi wengi wa Kidato cha Tatu wanajikwaa hapa: wanadhani gramu zikilingana, basi na idadi imelingana. Si kweli.

Atomu ni ndogo mno, 200 hazitikisi mizani yoyote ya maabara. Kwa hiyo kundi lake ni kubwa: 6.022 × 10²³. Kundi hilo ndilo moli moja, kama dazeni ilivyo 12. Tangu tarehe 20 Mei 2019, moli imefafanuliwa rasmi kwa namba kamili: 6.02214076 × 10²³. Na uzito wa kundi moja, kwa gramu, ndio masi ya moli. Atomu za kaboni ni 12, oksijeni 16, salfa 32. Unazisoma kwenye jedwali la elementi, huna haja ya kuzikariri.

Twende kwenye salfa, ile ile inayopuliziwa mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Mfuko wa kilo 25 ni gramu 25,000. Jiulize: humo yanatoka mafungu mangapi ya gramu 32? Gawanya, unapata kama 781. Basi mfuko una moli 781 za atomu za salfa. Umeshatumia n = m/M, na umejua kwa nini tunagawanya.

Ila kila mara uliza: moli za nini? Oksijeni ya hewani hutembea wawili wawili, O₂, kwa hiyo molekuli zake ni gramu 32 kwa moli, si 16. Ukisahau hilo, jibu lako litakuwa mara mbili ya jibu sahihi.

Jipime kabla hujafunga daftari. Kilo moja ya salfa na kilo moja ya mrututu (CuSO₄·5H₂O), ipi ina atomu nyingi zaidi za salfa? Salfa: 1,000 ÷ 32 = moli 31.25. Mrututu: 63.5 + 32 + 64 + 90 = 249.5, kwa hiyo 1,000 ÷ 249.5 ni kama moli 4, na kila moli ya mrututu ina moli moja tu ya salfa. Mizani inasema kilo kwa kilo, lakini atomu za salfa zimepishana karibu mara nane.