Nemo chini ya Mlima Meru: ni anemoni gani anayelipa?

Mto Themi unashuka kutoka Mlima Meru na kupita katikati ya Jiji la Arusha, na maji ya upande huu wa mlima yanabeba kitu ambacho meno ya wenyeji yametolea ushahidi kwa miaka mingi: floraidi ya miamba ya volkano. Visima vingi vya ukanda huu vinazidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Anayetaka kufuga samaki wa baharini hapa Themi anaanzia kwenye maji hayo, kabla hajauliza bei ya samaki.

Lakini wateja huanza na samaki. Tangu filamu ya Finding Nemo ilipotoka mwaka 2003, watoto wanamjua yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, na wanamtaka pamoja na “ua” lake. Ua hilo ni mnyama: anemoni wa baharini, ndugu wa matumbawe, mwenye minyiri inayochoma. Samaki amefunikwa na ute unaomkinga, hivyo analala humo salama. Naye hulipa kodi ya nyumba: anawafukuza samaki wanaokula minyiri, anamrutubisha mwenyeji kwa kinyesi chake, na usiku anampepea maji yenye oksijeni.

Pwani yetu ina samaki wa jamii hii wa kwake. Amphiprion akallopisos ana mstari mmoja mweupe mgongoni. Amphiprion allardi, mweusi-kahawia mwenye mistari miwili, anapatikana kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Mjerumani Klausewitz ndiye aliyemwelezea kisayansi mwaka 1970. Kenya imejenga biashara ya kuuza nje samaki wa mapambo, wakivuliwa na wapiga mbizi katika maeneo kama Kilifi na Shimoni. Nemo mwenyewe wa kwenye filamu si wa kwetu. Anatoka bahari za mashariki zaidi, na wengi wanaouzwa duniani leo wamezaliwa kwenye matangi.

Kwa mfanyabiashara, tofauti kati ya samaki na anemoni iko hapo. Samaki amekwisha kuwa mifugo. Anemoni wengi bado wanang'olewa baharini, na hesabu yao ni mbaya. Wale wakubwa, Heteractis magnifica na Stichodactyla mertensii, wanaweza kufikia upana wa mita moja. Porini huishi miaka mingi sana, ila kwenye matangi ya nyumbani wengi hufa mapema. Mmoja akifa usiku, kufikia asubuhi ameoza na kuwaua wenzake. Akallopisos huishi na hao wawili tu, kwa hiyo kumuuza na “nyumba yake ya asili” ni kumuuzia mteja msiba. Na mwamba aliotolewa anemoni mkubwa haumrudishi haraka. Samaki waliobaki hapo hawana pa kujificha.

Anayelipa ni Entacmaea quadricolor, ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama puto ndogo. Huyu hujigawa. Mguu unachanika, mmoja anakuwa wawili, kidonda kinapona, na kila nusu inakua kuwa anemoni kamili. Duka lenye mzazi mmoja mwenye afya linaweza kuzalisha bidhaa yake lenyewe bila kurudi Tanga wala Mafia. Zaidi ya hayo, allardi wetu huishi naye baharini, na Nemo wa kufugwa mara nyingi humkubali ingawa hawakutani hivyo porini. Mimi ningefungua biashara ya aina hii kwa anemoni huyu peke yake, na wale wakubwa ningewaacha baharini.

Sasa gharama. Maji ya bomba au ya kisima yapite kwanza kwenye mtambo wa kuchuja kwa utando, ule ule wanaoutumia wauzaji wa maji ya kunywa. Tangi la lita 200 linahitaji takriban kilo 7 za chumvi maalumu, kwa kuwa maji ya bahari yana kama gramu 35 kwa lita. Chumvi ya jikoni haifai. Ukibadilisha asilimia 10 kila wiki, ni dumu moja la lita 20 na gramu 700 za chumvi.

Umeme ndio unaouma. Julai, usiku wa Arusha unaposhuka chini ya nyuzi 15, kupandisha joto la lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi 26 kunakula karibu yuniti 2 za LUKU. Hita ya wati 200 ikiwaka nusu ya siku inakula 2.4 kila siku. Taa ya wati 100 kwa saa 10 ni yuniti 1, na taa haikwepeki, kwa sababu ndani ya anemoni kuna mwani mdogo sana unaomlisha kwa mwanga. Ongeza pampu, na unakaribia yuniti 4 kwa siku, 120 kwa mwezi. Hata hivyo baridi yetu ni neema. Hita ni kifaa rahisi. Mashine ya kupoza maji, anayoihitaji mfugaji wa Dar es Salaam, ni ghali, na maji yakizidi joto anemoni hufukuza mwani wake na kupauka.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa pwani hatakuonya. Kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko usawa wa bahari. Umeme ukikatika, muda wa kujiokoa ni mfupi zaidi. Pampu ndogo ya hewa yenye betri ni ya lazima.

Unapomchagua anemoni, tazama mdomo: uwe umefungwa. Mguu usiwe na mpasuko, minyiri inate ikiguswa. Mweupe pe amepoteza mwani wake, na wa njano kali au waridi kali huenda ametiwa rangi.

Kwa muuzaji nina ombi moja. Tangi jipya halimfai anemoni. Linahitaji kukomaa angalau miezi sita. Muuzie mteja samaki kwanza, kwa kuwa Nemo huishi vizuri tangini bila anemoni. Pokea malipo ya awali ya anemoni, mlee dukani, na kila mwezi mteja akuletee chupa ya maji yake uyapime.