Kengele Iliyonyamazishwa Husema Uongo

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika madarasa yetu methali hii hufundishwa kana kwamba mzigo wote umo mabegani mwa msikilizaji: asikiapo mbiu, na aitikie. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Je, mbiu ikilia leo, kesho na kesho kutwa bila ya kuwa na jambo, msikilizaji afanyeje?

Swali hili lilinikabili mjini Isiolo, ambako mimi na wenzangu wawili tulikwenda kukusanya data ya lugha. Isiolo ni hazina kwa mwanaisimu. Katika soko moja utasikia Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kisamburu na Kiturkana, huku Kiswahili kikiwaunganisha wote. Tulikuwa tumekodi gari lililoundwa mithili ya nyumba ndogo, lenye vitanda, meko na mtungi wa gesi, la aina ile watumiayo watalii waendao Samburu, Buffalo Springs na Shaba, au waishikao barabara ya Marsabit na Moyale. Ukutani, karibu na sakafu, palibandikwa kengele ndogo ambayo kazi yake ni kupiga kelele gesi inapovuja.

Kwa muda wa siku mbili kengele ile ililia mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa jioni, mwenzetu alipopuliza dawa ya mbu. Mara ya pili ilikuwa usiku wa manane, wala hapakuwa na aliyepika au kupuliza chochote. Tulipompigia simu mwenye gari, alitujibu bila wasiwasi kwamba kengele hiyo hulia ovyo na kwamba wateja wake huichomoa waya ili wapate usingizi. Dereva alikuwa ameushika waya tayari. Tulimsihi auache, tukaufunga mtungi, tukafungua milango na kukesha nje. Kulipopambazuka fundi mmoja wa mjini alipima betri, akakuta umeme umepungua mno. Kumbe kengele ililia kwa njaa yake yenyewe!

Mara ya tatu ilikuwa alasiri, tulipokuwa tukichemsha chai. Dereva akasema, "Ni betri tena." Fundi alipoitwa, alipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, na hapo tukaona viputo vikichomoza. Mpira ulikuwa umepasuka kwa kuchomwa na jua.

Milio mitatu, sauti ile ile, maana tatu mbalimbali. Mwanafunzi wa Kiswahili asistaajabu, kwani analijua neno "paa": ni sehemu ya juu ya nyumba, ni mnyama wa porini, na pia ni kitendo cha ndege anapokwenda juu. Hakuna msemaji aliyelitupa neno hilo kwa sababu lina maana nyingi. Huitafuta maana katika muktadha.

Muktadha wa kengele ya gesi unajulikana. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo ni nzito kuliko hewa. Ndiyo maana hutuama chini na kengele hufungwa karibu na sakafu. Kihisio cha kengele nyingi za namna hii hakiitambui gesi hiyo peke yake. Huweza kuamshwa na manukato ya kupuliza, mvuke wa spiriti, gundi au rangi, hata na haidrojeni itokayo katika betri ya asidi inapochajiwa kupita kiasi. Aidha, kihisio huchakaa, na watengenezaji wengi huandika tarehe ya kukibadilisha. Isitoshe, kengele ya gesi ya kupikia si lazima itambue ile hewa ya sumu ya jiko la makaa, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliolala katika chumba kilichofungwa. Hiyo inahitaji kengele yake.

Yamkini msomaji atauliza: kwani pua haitoshi? Gesi yenyewe haina harufu tunayoifahamu. Mwezi Machi mwaka 1937, katika shule ya New London, jimbo la Texas nchini Marekani, gesi asilia ilivuja chini ya jengo bila ya mtu kuisikia, ikalipuka na kuua watu wapatao 300, wengi wao wakiwa wanafunzi. Baada ya msiba huo sheria ya Texas ililazimisha gesi itiwe kemikali yenye uvundo, na desturi hiyo ikaenea. Kwa hivyo uvundo ule ni ishara iliyobuniwa na binadamu, sawa na neno. Hata hivyo, aliyelala fofofo hawezi kuutegemea umwamshe. Kengele ndiyo imkesheayo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba kuchomoa waya ni kuleta kimya tu. Panapotarajiwa ishara, kimya nacho ni tamko. Kengele iliyochomolewa inaendelea kusema, tena husema neno moja usiku kucha: salama, salama. Mnamo Aprili 2010 mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico na watu 11 wakafa. Fundi mkuu wa elektroniki wa mtambo huo, Mike Williams, aliwaambia wachunguzi kwamba king'ora kikuu kilikuwa kimezuiwa kisijilie chenyewe, kwa kuwa wakubwa hawakutaka watu waamshwe usiku na milio ya bure.

Wafugaji wa Kaskazini hufunga kengele ya mti shingoni mwa ngamia. Hulia mchana kutwa, wala mchungaji haikati kwa kuudhika. Ameyazoea mapigo yake, na yakibadilika au yakikoma huinuka akatazame.

Basi, walimu wenzangu, tunapoifundisha ile methali tuikamilishe. Kengele ikilia, funga mtungi, fungua milango, toka nje, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi. Kisha uliza imelia kwa nini: tazama betri, paka sabuni, soma tarehe, kumbuka kilichopulizwa. Ikiwa imechakaa, nunua nyingine. Mbiu iliayo bila jambo huwa na jambo lake, nalo ni kwamba mbiu yenyewe yahitaji kutengenezwa.