Gorogoro la Omena kwa Mwalimu

Nyanya yangu alianza kusoma akiwa tayari na wajukuu. Serikali ya Kenya ilikuwa imeanzisha kampeni ya kisomo cha watu wazima mwaka 1979, naye akishamaliza kuuza omena sokoni Kombewa, alikwenda ngumbaru, darasa la watu wazima, daftari likiwa ndani ya kikapu kilichonuka samaki.

Kabla ya hapo, barua za mwanawe kutoka mashamba ya chai ya Kericho alisomewa na kijana wa jirani. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua ni shilingi ngapi zimetumwa. Barua ya kwanza aliyoisoma mwenyewe aliingia nayo ndani akafunga mlango. Hatukuwahi kuambiwa ilisema nini.

Kidholuo, lugha yetu, kilichukua "soma" ya Kiswahili kikaifanya "somo". Wamishonari wa CMS (Church Missionary Society) walipofungua shule Maseno mwaka 1906, kusoma na Ukristo viliingia kwa mlango mmoja, hata waumini wa mwanzo wakaitwa josomo, yaani wasomaji. Nyanya alichelewa msafara huo kwa zaidi ya miaka 70, na wala hakuona haya.

Humkumbuka kila ninapopita karibu na kituo cha utafiti cha Kombewa. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika lilifanyika hapa pia. Katika majaribio ya aina hii, mzazi asiyejua kusoma husomewa fomu ya ridhaa mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti, kisha huweka dole gumba. Utaratibu ni mzuri, sina neno. Ila shahidi naye ni mdomo wa mtu mwingine, kama yule kijana wa barua. Mama anayesoma hurudi ukurasa wa pili mwenyewe, akaweka kidole kwenye mstari na kuuliza: hapa mna maana gani?

Mwalimu wa ngumbaru hakukosa kitoweo. Kila Krismasi nyanya alinituma kwake na gorogoro la omena kavu, juu yake kikaratasi cha neno moja, "Erokamano", asante, herufi zikipanda mlima kuelekea kulia. Mara ya kwanza mwalimu alikisoma, akatoa kalamu nyekundu, akatia "a" iliyosahaulika, akanirudishia nikampelekee mwanafunzi wake.