Betri Haitoi Isichopewa

Katika pwani ya kusini mwa Tanzania, tangu Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi, wako watu ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka nyumba yao ni kibanda cha makuti, au turubai lililofungwa juu ya miti minne. Hao ni wavuvi wa dago. Hufuata pepo na samaki, wakahama na vyombo vyao, nyavu zao na masufuria yao, wakapiga kambi ufukoni au visiwani hadi msimu upite. Pamoja nao huwako akina mama wanaopika chakula cha kambi, na wengine wanaonunua dagaa, wakawachemsha kwa maji ya chumvi na kuwaanika juani.

Zamani mizigo ya dago ilikuwa karabai, debe la mafuta ya taa na redio ya mawe. Mawe yalipochoka yaliwekwa juani, nayo yakipata joto yalirudisha uhai kidogo, kiasi cha kusikiliza taarifa ya habari kabla ya kunyamaza kabisa. Siku hizi mizigo imebadilika. Kambini utaona betri ya volti 12, paneli ya sola imeegemezwa kwenye paa la makuti, taa ndogo zinazong'aa, simu za mkononi zimepangwa kwenye ubao zikisubiri zamu ya chaji, na pengine televisheni ndogo.

Hayo ni maendeleo, wala hakuna awezaye kuyabeza. Hata hivyo, liko lalamiko moja lisilokwisha: betri hazidumu. Mtu hujinyima akanunua betri mpya, na kabla mwaka haujatimia imekufa. Hapo hulaumiwa mwenye duka, hulaumiwa fundi, na mwisho husemwa kwamba betri za siku hizi ni hafifu. Betri mbovu zipo madukani, ni kweli. Lakini aghalabu betri hiyo haikufa kifo chake. Iliuawa polepole, usiku baada ya usiku, na watu waliokuwa wakiitegemea.

Ndugu msomaji wa mjini, usidhani kwamba habari hii ni ya wavuvi peke yao. Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikipelekwa Dar es Salaam kwa bomba na kuzalisha sehemu ya umeme tunaoutumia. Huenda taa iliyo juu ya meza yako inawashwa na gesi iliyotoka chini ya bahari ile ile ambayo mvuvi huvuka na betri yake mgongoni. Nyaya za umeme haziwezi kuifuata kambi inayohama. Isitoshe, mara nyingi ni wewe uliye mjini unayetumiwa salamu na ndugu walioko Kilwa ili uwanunulie betri. Nawe mwenyewe, kama umeweka betri nyumbani kwa ajili ya siku za kukatika umeme, sheria yake ni ile ile.

GHALA, SI KISIMA

Betri ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika. Ndani yake mna bamba za risasi zilizozamishwa katika tindikali. Umeme unapoingia, bamba hizo hubadilika. Umeme unapotoka, hurudi katika hali nyingine. Betri haizalishi umeme. Ni ghala: hutoa kile tu ilichowekewa, tena kwa kupungua kidogo. Anayeifanya kisima kisichokauka hupata hasara.

Hapana budi pia kutofautisha aina mbili. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache tu ili injini iwake, kisha ijazwe tena mara moja. Bamba zake ni nyembamba. Ukiiwashia taa usiku kucha hadi iishe kabisa, ukarudia hivyo mara chache, umeimaliza. Betri ya sola ina bamba nene, nayo imeundwa kutoa umeme taratibu kwa saa nyingi. Lakini hata hiyo haipendi kukombwa hadi tone la mwisho. Kanuni njema ni kutumia nusu yake na kuiacha nusu.

Nusu hiyo yaweza kupimwa. Mita ndogo ya volti si ghali, na yafaa kuwako katika kila kambi. Betri iliyopumzika saa chache, haichajiwi wala haitumiwi, ikionyesha volti 12.6 au 12.7, imejaa. Ikionyesha 12.2, imefika nusu, na taa zisizo za lazima zizimwe. Ikishuka chini ya 12, inaumia.

HESABU YA KAMBI

Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa shule ya msingi. Kila chombo cha umeme kimeandikwa wati zake. Zidisha wati kwa saa utakazokitumia, nawe utapata wati-saa, yaani chakula cha chombo hicho. Nayo betri huandikwa volti na ampea-saa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Tukiacha nusu, tunabakiwa na 600 za kutumia.

Tuchukue mfano wa kambi ya watu 6. Taa 3 za wati 5 kwa saa 5: wati-saa 75. Redio ya wati 6 kwa saa 5: wati-saa 30. Simu 6, kila moja kwa wati-saa 15: jumla 90. Televisheni ndogo ya wati 25 kwa saa 3: wati-saa 75. Jumla kuu ni wati-saa 270 kwa siku.

Sasa tuangalie kinachoingia. Paneli ya wati 100 katika jua zuri la pwani hii hupata sawa na saa 5 hivi za jua kamili kwa siku. Toa kiasi cha theluthi moja inayopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe. Zinabaki wati-saa 330 hivi. Kambi yetu basi inaingiza 330 na kutoa 270. Hata mawingu yakitanda siku 2, itatumia 540 na bado haijavuka nusu. Siku ya tatu ya mawingu televisheni ipumzike. Hiyo ndiyo hekima ya miezi ya masika, hasa Machi hadi Mei.

Kilwa na Lindi ziko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo paneli huelekezwa kaskazini na kuinamishwa kidogo tu, ili mvua iweze kuiosha. Hata hivyo, ipanguswe mara kwa mara kwa kitambaa chenye maji baridi, kwani chumvi ya bahari huganda juu yake. Wala isiwekwe chini ya mnazi: kivuli cha kuti moja chaweza kupunguza sehemu kubwa ya umeme wake.

TAA ZA DAGAA

Makosa makubwa huanzia pale betri ya kambi inapopakiwa chomboni jioni kwenda kuvulia dagaa. Taa 2 za wati 30 zikiwaka saa 8 hula wati-saa 480. Betri ile ile ya ampea-saa 100, ikiwa imejaa, itarudi alfajiri na 720. Paneli moja itaiongezea 330 mchana, ifike 1,050. Usiku wa pili itarudi na 570, yaani chini ya nusu. Usiku wa tatu ni maangamizi. Wahenga hawakukosea: bandu bandu huisha gogo.

Basi betri ya chombo isiwe betri ya kambi, na kwa matumizi kama hayo iwe na paneli 2 zake. Ikiwa chomboni, ifungwe imara ndani ya sanduku la plastiki mahali palipoinuka. Maji ya bahari yakiingia ndani ya betri huweza kutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

JOTO NA BARIDI

Vipo vyombo ambavyo havifai kuunganishwa na betri ya kambi hata kidogo. Hivyo ni vyombo vya joto: pasi, birika la umeme na jiko la umeme. Pasi ya wati 1,000 ikipitia kwenye inveta huvuta zaidi ya ampea 80 kutoka betri ya volti 12. Kwa nusu saa tu itakuwa imekula kuliko taa, redio, simu na televisheni za siku nzima. Inveta yenyewe, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, hupoteza sehemu ya umeme, na hula kidogo kidogo hata pasipo chombo kinachotumika. Kwa hiyo yafaa kununua taa na redio za volti 12 ziunganishwe bila inveta, na inveta izimwe wakati haina kazi.

Na friji je? Wengi hutamani friji la kuhifadhia samaki. Liko friji dogo la volti 12 lililoundwa kwa betri, ambalo kwa joto la pwani laweza kula wati-saa 300 hadi 500 kwa siku. Litafaa kwa dawa, maji ya kunywa na kitoweo, iwapo limepewa betri na paneli zake. Lakini kugandisha barafu ya biashara ni jambo jingine. Nusu ya betri yetu, hata kama hakuna joto lolote linalopenya frijini, haiwezi kugandisha zaidi ya kilo 10 za maji hivi, ilhali samaki wa tenga moja wahitaji barafu inayokaribia uzito wao wenyewe. Barafu inunuliwe mjini, na dagaa waachiwe jua, ambalo halina gharama.

MWEZI MPEVU

Kila mvuvi anajua kwamba mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa. Basi chombo hupumzika, na betri nayo huachwa kibandani. Hapo ndipo mauti yake mengi hutokea. Betri iliyoachwa tupu hujengeka ukoko mgumu juu ya bamba zake, na ukoko huo ukishakauka hautoki tena kwa chaji ya kawaida. Baada ya siku za mapumziko betri itajaa upesi na kuisha upesi, nawe utadhani imerogwa.

Dawa yake ni moja: betri ijazwe kwanza, ndipo ipumzike. Ikae kivulini, mahali penye hewa. Vichwa vyake visafishwe chumvi na kupakwa grisi. Kama ni ya kufunguliwa, iongezwe maji ya betri yanayouzwa dukani, wala si maji ya kisima, kwani mengi ya pwani yana chumvi. Tindikali isiongezwe.

TINDIKALI NA RISASI

Neno hili ni kwa wazazi wote, wa mjini na wa kambini. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche. Isiwekwe karibu na jiko, wala mtu asiikaribie na sigara. Tindikali ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha afikishwe zahanati. Waya wa betri uwe na fyuzi karibu na kichwa chake, la sivyo nyaya mbili zikigusana zaweza kuunguza kibanda cha makuti kwa dakika chache.

Betri iliyokufa nayo isichezewe. Yuko atakayeshawishika kuivunja na kuyeyusha risasi yake jikoni ili apate chubwi za nyavu. Moshi na vumbi la risasi ni sumu inayokaa mwilini, na kwa watoto wadogo hudhuru ubongo. Betri kuukuu irudishwe mjini kwa wanaozinunua, ikiwa nzima, na fedha hiyo isaidie kununua mpya.

UKITAKA KUMNUNULIA NDUGUYO

Mfanyakazi wa mjini atakaye kumsaidia nduguye asiharakie betri kubwa kuliko zote. Betri kubwa yenye paneli ndogo ni ghala kubwa lenye shamba dogo. Haitajaa kamwe, na isiyojaa haidumu. Afadhali betri ya sola ya kadiri, paneli inayolingana nayo, kidhibiti chaji kinachokata umeme kabla betri haijakaukiwa, na ile mita ya volti. Ziko pia betri za lithiamu, nyepesi, ambazo huruhusu kutumia zaidi ya nusu bila kudhurika. Bei yake ni kubwa, na zataka kidhibiti kinachozifaa. Asiyekuwa nacho asizinunue.

Zaidi ya vyote, kambi ichague mtu mmoja wa kuitunza betri: ndiye atakayesoma mita asubuhi na jioni, na neno lake la kuzima televisheni liheshimiwe. Haba na haba hujaza kibaba, na jua la Kilwa hujaza betri kwa namna hiyo hiyo. Kazi ya wenye kambi ni kutokikomba kibaba kabla hakijajaa, ili mtoto aliye dago na wazazi wake apate taa ya kusomea msimu huu, na msimu ujao pia.