Maji ya Rejeta na Uhai wa Lori Kongwe

Ipo imani iliyoenea miongoni mwa madereva wengi wa Afrika Mashariki kwamba kulanti, yaani dawa ichanganywayo na maji ya rejeta, ni kitu cha nchi za baridi kali, kilichobuniwa ili maji yasigande wakati wa theluji. Kwa kuwa huku hakuna theluji, dereva huona hana haja nayo. Huchota ndoo ya maji mtoni, akajaza rejeta na kuondoka. Imani hiyo ni potofu, na upotofu wake huonekana wazi kwenye miinuko ya Nyakiriba.

Sekta ya Nyakiriba iko katika wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, eneo ambalo wengi bado huliita Gisenyi. Barabara ya kutoka Rubavu kwenda Musanze na Kigali huanzia ukingoni mwa Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha hupanda hadi kuvuka mita 2,000 upande wa Bigogwe. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Katika kimo hicho, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Injini ya dizeli iliyobeba mzigo mlimani hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 85 hadi 95. Ni dhahiri basi kwamba lori lenye maji matupu, na ambalo kifuniko chake cha rejeta kimelegea kwa uzee kisiweze kushika mgandamizo, limo ukingoni mwa kuchemka tangu mlima unapoanza.

Mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti ya glaikoli huongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 7 hivi, hata kabla ya kuhesabu msaada wa kifuniko kizima. Hata hivyo, kuzidisha dawa si hekima. Maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli, na mchanganyiko uliozidi sehemu 60 kwa 100 za dawa huanza kudhoofisha upozaji wenyewe.

Faida kubwa zaidi haionekani kwa macho. Katika injini nyingi za malori makubwa, slivu za silinda huzungukwa na maji moja kwa moja. Kila dizeli inapolipuka ndani, slivu hutikisika, na vipovu vidogo mno hutokea juu ya ukuta wake wa nje na kupasuka papo hapo. Mpasuko huo, ukirudiwa mara nyingi mno, hudonoa chuma mpaka ukatoboka. Hapo maji hupenya na kuharibu oili. Kulanti ya injini nzito ina dawa inayoweka utando wa kinga juu ya chuma. Dawa hiyo huisha kwa kutumika, ingawa rangi ya maji inaweza kubaki nzuri. Kwa hiyo lori lililokwisha kwenda kilomita laki tano haliwezi kuhukumiwa kwa kutazamwa tu. Hupimwa kwa karatasi maalumu za majaribio, au hufuatwa muda uliowekwa na mtengenezaji.

Katika kuchagua, kitabu cha gari ndicho mwamuzi wa kwanza. Zipo kulanti za aina ya zamani, ambazo kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, na zipo za asidi ogania ambazo nyingi hudumu miaka 5 au zaidi. Rangi si kitambulisho, kwani kila kiwanda hutia rangi kitakayo. Kuchanganya aina mbili zisizopatana hupunguza kinga, na pengine huacha tope linaloziba mirija ya rejeta. Asiyejua kilichomo ndani ya lori na amwage chote, aanze upya.

Kazi yenyewe hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko kikifunguliwa kingali cha moto, maji yenye mgandamizo huruka na kumchoma mtu. Maji humwagwa kutoka kwenye rejeta na pia kwenye bloku, kisha mfumo husafishwa kwa maji safi mpaka yatoke meupe. Kwa lori kongwe, asidi kali ziepukwe. Kutu ya miaka mingi huweza kuwa ndiyo inayoziba tundu, nayo ikitolewa kwa nguvu, uvujaji huanza. Mipira iliyovimba, thamostati na kifuniko vibadilishwe wakati huo huo. Kwa kuwa maji kiasi ya kusafishia hubaki ndani, inafaa kutangulia kumimina dawa tupu: mfumo wa lita 40 hupewa lita 20 za dawa, kisha hujaziliwa maji yaliyochujwa chumvi. Maji ya ziwa na ya kisima yana madini yanayojenga ukoko. Injini iwashwe mpaka thamostati ifunguke na hewa itoke, na kimo cha maji kikaguliwe tena asubuhi ya pili.

Kulanti iliyomwagwa ni sumu yenye ladha tamu inayovutia watoto na mifugo. Ikusanywe katika chombo, isiachwe itiririke hadi Mto Sebeya uingiao Ziwa Kivu.

Iwapo maji hupungua bila uvujaji kuonekana, au oili imegeuka kama maziwa, lori lisitoke kambini. Na lichemkapo njiani, lisimwagiwe maji baridi, maana silinda hedi hupasuka.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na bonde la Sebeya lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Katika usiku kama huo, lori lililokwama mlimani huwa limefunga njia ya wote wanaolifuata, na mwenye kungoja kuokolewa hana nafasi ya kusikia udhuru. Hapana budi kila kikosi kiwe na daftari linaloonyesha aina ya kulanti iliyomo katika kila gari, tarehe iliyotiwa na kilomita zilizosomwa. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.