Alama za Viwandani katika Silaha za Moto na Historia ya Wizi wa Mifugo Wilayani Tarime na Serengeti

Wizi wa mifugo miongoni mwa Wakurya ni wa kale kuliko bunduki. Kilichobadilika ni silaha. Fleisher (2000), aliyefanya utafiti wake Tarime, anahusisha kuenea kwa bunduki katika wizi huo na Vita vya Kagera vya 1978–1979, ambavyo Wakurya wengi walishiriki wakiwa wanajeshi. Maelezo hayo yana uzito kwa jamii, kwani yanamnyooshea kidole askari aliyerudi nyumbani. Je, chuma chenyewe kinaweza kuyathibitisha?

Msingi wa kusoma alama uliwekwa Ulaya, na bastola ndogo za mfukoni ndizo zinazouonyesha vizuri zaidi. Kabla ya kuuzwa, bastola ilijaribiwa kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida. Ikistahimili, ilipigwa muhuri. Browning ya mwaka 1900, iliyotengenezwa na FN huko Herstal, Ubelgiji, hubeba muhuri wa mji wa Liège: herufi ELG ndani ya duara la yai, na juu yake taji lililoongezwa mwaka 1893. Ujerumani, kwa sheria ya 1891, ilitumia taji juu ya herufi. Taji juu ya N lilimaanisha jaribio la baruti isiyo na moshi. Kuanzia 1940 taji liliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na tai. Hivyo Walther PP, iliyoanza kutengenezwa 1929, huweza kukadiriwa umri wake kwa muhuri huo mmoja mdogo. Pembe ya paa kando ya tai huonyesha kwamba jaribio lilifanyika Ulm, mji ambako kampuni ya Walther ilihamia baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Bunduki za kijeshi nazo zina desturi zake. Askari wa Kijerumani, ambao ngome yao ya Ikoma bado inaonekana Serengeti, kwa kawaida walibeba Mauser yenye maandishi “Mod. 71”, silaha ambayo moshi wake mweupe ulimfichua mpigaji. Waingereza walileta Lee-Enfield, yenye taji, herufi za jina la mfalme, mwaka, na jina la kiwanda, ambacho huenda kilikuwa Uingereza, Ishapore nchini India, au Lithgow nchini Australia.

Ugumu huanza kwa bunduki ambayo polisi na magazeti ya Tanzania huiita SMG. Pembetatu yenye namba 66 ni ya kiwanda cha Kichina. Nyota ni ya Tula na mshale ndani ya pembetatu ni wa Izhevsk, vyote vya Kisovieti. Kwa kuwa jeshi la Idi Amin lilisaidiwa na Wasovieti na jeshi la Tanzania na Wachina, ni rahisi kudhani kwamba nyota ya Tula ni ngawira ya Kagera. Dhana hiyo ni dhaifu. Tanzania nayo ilipata silaha za Kisovieti, na silaha za Kichina zimeenea katika nchi nyingi za Afrika. Alama ya kiwanda hutaja mahali silaha ilipozaliwa. Haitaji mikono iliyoipitia wala mpaka iliouvuka.

Pengo hilo ndilo Itifaki ya Nairobi ya 2004 ilikusudia kuliziba, kwa kuzitaka nchi wanachama ziweke alama kwenye silaha wakati wa kutengenezwa na wakati wa kuingizwa nchini, pamoja na zile zilizo mikononi mwa serikali. Alama ya nchi, ikioanishwa na daftari la ghala, ndiyo inayoweza kumtaja au kumwondolea lawama mwanajeshi mstaafu. Hata namba iliyokwanguliwa kwa tupa haifutiki daima, maana pigo la muhuri hubana chuma chini ya uso wake, na mtaalamu wa maabara huweza kuirudisha kwa tindikali.

Gobore liko nje ya utaratibu huu wote. Mtutu wake mara nyingi ni bomba la kawaida lililofuliwa na mhunzi wa kijijini, halina taji, nyota wala namba, na kulihusu polisi wanaweza tu kumuuliza aliyekamatwa nalo.