Je, Wajua? Bunduki "Tupu" Ndiyo ya Kuogopwa

Je, wajua kwamba kutoa magazini hakuifanyi bastola iwe tupu? Risasi moja inaweza kubaki ndani ya chemba, yaani tundu inamokaa kabla ya kufyatuliwa, na hiyo moja inatosha kuua. Hapa mpangilio ndio kila kitu. Elekeza mtutu upande usio na mtu, kidole kikae mbali na kifyatulio, toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi, yaani ile sehemu ya juu ya bastola, ili risasi iliyobaki iruke nje. Ukianza na slaidi ilhali magazini bado imo, utatoa risasi moja na kuingiza nyingine papo hapo. Halafu utachomoa magazini ukiamini umemaliza kazi. Kisha chungulia chemba kwa macho na uipapase kwa kidole. Na ukipokezwa silaha, hata kama mwenzako ameikagua mbele yako, kagua tena. Kufanya hivyo si kumdharau.

Tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, Marekani, mpigapicha Halyna Hutchins aliuawa kwenye maandalizi ya filamu ya Rust kwa bastola iliyokuwa imetangazwa kuwa salama. Ndani yake mlikuwa na risasi ya moto.

Je, wajua jinsi ya kujua kama gobole limeshindiliwa? Halina magazini. Lipime kwa mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia. Gobole likiwa tupu kabisa, tumbukiza mdeki hadi mwisho na utie alama pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Siku nyingine alama hiyo ikisimama juu ya mdomo, humo ndani mna baruti na gololi. Wakati wote wa kupima, kichwa na kifua vikae pembeni, na mtutu usichunguliwe wala kupulizwa.

Je, wajua asili ya kanuni nne zinazofundishwa leo katika viwanja vingi vya shabaha? Alizieneza Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyeanzisha shule ya ulengaji huko Arizona mwaka 1976. Ihesabu kila silaha kuwa ina risasi. Usielekeze mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiangamiza. Weka kidole nje ya kifyatulio mpaka uwe umeilenga shabaha. Ijue shabaha yako na kilichoko nyuma yake. Uzuri wa kanuni hizi ni kwamba zinalindana: ukisahau moja, zilizobaki bado zinaweza kuokoa maisha.

Ile ya nne watu huipuuza mno. Hata risasi ndogo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikipiga maji kwa mshazari huruka tena kama iliyopiga mwamba. Mlango wa mbao hauizuii, wala bati. Usiku, tumia tochi ya mkononi kumtambua aliyeko gizani. Ukimulika kwa tochi iliyofungwa kwenye bastola, kila unachokimulika umekielekezea mtutu, na huenda ni mwanao anayetoka msalani.

Je, wajua kwamba risasi zinazopigwa hewani arusini au mkesha wa mwaka mpya hurudi chini zikiwa na nguvu ya kuua? Arizona ilikaza sheria yake mwaka 2000, baada ya msichana wa miaka 14 kuuawa na risasi ya namna hiyo.

Umefyatua na kusikia mlio hafifu usio wa kawaida? Acha hapo hapo. Huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ya pili itakayofuata inaweza kuupasua. Umefyatua na hakuna kilicholia? Usiifungue bunduki. Shikilia mtutu upande salama kwa angalau sekunde 30, kwa maana baruti huweza kuchelewa kuwaka.

Je, wajua kwamba kumwonya mtoto peke yake hakutoshi? Utafiti uliofanywa huko Atlanta, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2001 uliwaweka wavulana wa miaka 8 hadi 12 katika chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, iliyofichwa kwenye droo. Wengi waliiona, wengi wakaichezea, na baadhi wakavuta kifyatulio. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika walikuwa wamewahi kufundishwa usalama wa silaha. Takwimu hiyo inanitia uchungu kila ninapoikumbuka, kwa sababu wazazi wao bila shaka walidhani wametimiza wajibu.

Kwa hiyo chini ya mto si mahali pa silaha, wala juu ya kabati, kwa kuwa watoto hupanda. Silaha ikae tupu ndani ya sefu iliyofungwa, risasi zikae mahali pengine zikiwa na kufuli yake, na ufunguo uwe mwilini mwako, si kwenye droo ambayo nyumba nzima inaijua.